Shusha gia kabla ya mteremko: mwongozo wa kujadili siasa na dini na mtu usiyemjua

Dereva wa lori anayeijua barabara ya Mbeya kwenda Tunduma hushusha gia kabla hajaanza mteremko wa Iwambi. Akisubiri afike katikati ndipo aikumbuke breki, amechelewa, na watu wa Mbeya tunajua gharama yake. Mjadala wa siasa au dini na mtu aliyejificha nyuma ya jina la kupanga ni mteremko wa namna hiyo. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinafanyika kabla hujagusa kitufe cha kutuma.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa grupu la Telegram lenye watu mia mbili na ushee, wengi wao wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Namba za simu zimefichwa na kila mtu ana jina alilojichagulia. Nimeona humo watu wazima wakitukanana mama zao kwa sababu ya diwani. Nimeona pia Mkatoliki wa Tosamaganga na Mwislamu wa Mwanjelwa wakijadili habari za maombezi ya watakatifu hadi saa saba usiku, na mmoja akamalizia kwa kuandika, "Asante, hilo sikulijua." Nataka usiku kama huo uwe mwingi zaidi, ndiyo maana naandika.

Jina la kupanga linaondoa nini

Kwetu mazungumzo ya uso kwa uso yana ngazi za kupanda. Ukifika Iringa au Njombe unaanza na "Kamwene", ukifika Rungwe unaulizwa "Ugonile?" Kabla hujasema hoja yako umeshajua huyu ni rika la baba yako au la mdogo wako, anatoka kwa nani, anasali wapi. Na unajua kwamba wiki ijayo mnaweza kukutana msibani mkibeba jeneza moja.

Wanyakyusa wana neno ukwangala: kukaa na wenzako mkazungumza, mkala na kusikilizana kama watu wa daraja moja. Zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na iliaminika kwamba busara mtu huipata kwa kukaa na wenzake na kuzungumza nao. Anayejitenga hupungukiwa akili.

Jina la kupanga linaondoa salamu, rika, ukoo na msiba wa wiki ijayo. Faida yake ni kubwa na siidharau: mwalimu anaweza kusema kuhusu shule yake jambo ambalo asingelisema kikaoni, na binti wa mchungaji anaweza kuuliza swali ambalo nyumbani lingemletea kesi. Ila breki zote zimebaki gereji. Utazifunga wewe mwenyewe, kwa mkono.

Hatua ya kwanza: jina moja, na mipaka unayoijua

Chagua jina moja udumu nalo. Mwenye majina matatu hujijibu mwenyewe, hujipongeza mwenyewe, na siku akigundulika hakuna atakayemwamini hata akisema leo ni Jumatatu. Jina lako lisiwe tusi kwa dini au kabila la mtu, maana utakuwa umeanza ugomvi kabla ya kusalimia.

Amua mapema nini hutakisema kuhusu wewe: mahali pa kazi, mtaa, jina la mtoto. Halafu kuna sheria ninayoilinda kuliko zote: usimfunue mwenzako. Hata kama umemtambua kwa jinsi anavyoandika, hata kama amekuudhi, usiandike "wewe si yule wa pale Soweto?" Anayefunuliwa anaweza kupoteza kazi au amani ya ndoa kwa ubishi ambao kesho wewe umeshausahau.

Usidhani pia kwamba kujificha kwa jirani ni kujificha kwa sheria. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inakupa uhuru wa kutoa maoni, na ibara ya 19 uhuru wa imani. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu taarifa ambayo mtoaji anajua ni ya uongo na anaitoa kwa nia ya kuchafua, kutisha au kudanganya watu: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu kumsumbua na kumtesa mtu kimtandao. Na katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, kuna kosa la kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu. Vijue hivyo, kisha uandike ukiwa na moyo mtulivu. Asiyejua mpaka ulipo hunyamaza kwa hofu hata pale anapostahili kusema, au huropoka pale ambapo hakupaswa.

Hatua ya pili: tambua mnabishania nini hasa

Hapa ndipo mijadala mingi inapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua upanuzi wa barabara kuu ndani ya jiji la Mbeya, njia nne kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe, kilomita 29. Mtu anaandika: "Barabara imechelewa, wamekula hela, bora zingeenda hospitali." Sentensi moja, lakini ndani yake kuna watu watatu wanaoongea.

"Imechelewa" ni jambo la kupimika. Lina tarehe ya mkataba na tarehe ya leo. Haliamuliwi kwa kelele, linaamuliwa kwa kutafuta tarehe. Mkilipata, mmelimaliza.

"Bora zingeenda hospitali" ni suala la kipi kitangulie. Mama wa Ilembo anayemsindikiza binti yake kujifungua na dereva wa daladala anayekaa kwenye foleni ya Mafiati saa nzima hawawezi kujibu sawa, na hakuna aliye mjinga kati yao. Hapa uliza, "Kwako wewe kipi kinauma zaidi, na kwa nini?" Usimletee takwimu mtu anayekueleza maumivu yake.

"Wamekula hela" ni tuhuma ya jinai. Hii inataka ushahidi: nani, kiasi gani, umeiona wapi. Usipokuwa nao, andika unachokijua kweli: "Sijaona maelezo ya matumizi, nataka yawekwe wazi." Hiyo ni hoja nzito, na hakuna atakayekushitaki kwayo.

Kabla ya kujibu ujumbe wowote wa siasa, jiulize ni upi kati ya hao watatu unayemjibu. Watu hujibizana siku nzima, mmoja akizungumza tarehe na mwingine akizungumza maumivu, kila mmoja akimwona mwenzake kiziwi.

Jambo la wingi nalo lina mtego wake. Mara kadhaa nimesikia, "Watu hamsini wamekupinga, kubali yaishe." Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuwauliza Watanzania kuhusu mfumo wa vyama. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 wakataka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1995. Kama wale asilimia 20 wangezomewa wakanyamaza, hoja yao isingefika mezani. Basi aliye peke yake kwenye grupu mpe nafasi mara mbili.

Hatua ya tatu: sema hoja ya mwenzako kabla ya yako

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Kabla ya kumpinga mtu, andika hoja yake kwa maneno yako, kisha muulize kama umempata. Mfano:

"Mkuu, nikikuelewa vizuri unasema kodi ya soko imepanda lakini choo na maji havijatengenezwa, kwa hiyo wafanyabiashara wana haki ya kugoma. Ndivyo?"

Subiri ajibu. Akisema "ndivyo", endelea: "Kwenye choo na maji nakubaliana nawe. Kwenye kugoma nina wasiwasi, kwa sababu mama anayeuza ndizi mbivu akifunga siku mbili, mzigo wote umeoza." Akisema "hapana, hukunielewa", umeokoa saa nzima ya kubishana na kivuli.

Angalia pia namna ya kuita. "Mkuu", "ndugu yangu", "mdau" hazina gharama. Mtu akijitambulisha kuwa ni mzee, mpe "shikamoo" yake hata kama huna hakika. Ukimpa heshima kijana wa miaka 19 kwa makosa hujapoteza kitu. Kiongozi wa dini muite shehe, padri, mchungaji au ustadhi kama wafuasi wake wanavyomuita, hata kama humkubali.

Maneno ya kuyaacha nje ya mlango

Yapo maneno ambayo yakiingia, hoja hutoka. Kwenye siasa: chawa, nyumbu, msaliti, "umetumwa", "umelipwa shilingi ngapi?" Kwenye dini: kafiri, mpagani, mwabudu sanamu, gaidi. Ukimwita mtu chawa umeshasema kwamba maneno yake hayatoki kichwani mwake. Ukishamwambia hivyo, utamuuliza maoni yake ya nini?

Nakumbuka miaka ambayo Iringa Mjini watu walivunja urafiki kwa ajili ya mbunge wao. Mchungaji Peter Msigwa aliliwakilisha jimbo hilo kwa tiketi ya Chadema kuanzia 2010 hadi 2020. Mwaka 2024 akajiunga na CCM. Ni haki yake, na mwanasiasa yeyote anaweza kuhama. Lakini majirani waliopeana majina mabaya kwa sababu yake walibaki na majina yale pale pale mtaani. Pinga sera, pinga uamuzi, pinga hotuba. Jirani yako mwachie jina lake.

Na utani. Kwetu utani wa makabila ni dawa. Watani huzikana, husaidiana, huambiana ukweli mchungu wakicheka. Mhehe na habari za kula mbwa, nani hajazisikia? Lakini utani unataka mtani. Unataka nyote wawili mjuane kwamba mna haki hiyo, na unataka sauti na uso unaocheka. Kwa maandishi, kwa mtu ambaye hujui hata anatoka wapi, neno lile lile linamchoma. Ukitaka kutania, uliza kwanza: "Ruhusa ya utani?" Asipojibu, hujapewa.

Hatua ya nne: pima habari kabla hujaipitisha

Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, yalizuka maandamano yaliyoleta vifo, na intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, simu zetu zilijaa. Kila mmoja alikuja na picha yake, sauti yake na idadi yake ya waliokufa. Wengine walikuwa wanatafuta ndugu. Sijawahi kuona grupu likiwa na uchungu kama wiki ile, na sijawahi kuona watu wakirushiana namba kwa ukali hivyo. Sisi wasimamizi tuliweka masharti mawili tu, na tumeyabakiza hadi leo.

La kwanza: anayeomboleza habishiwi. Mtu akiandika kwamba amefiwa, ubishi wa namba unasimama. Andika "pole sana" na unyamaze. Hoja yako, kama ni ya kweli, itakuwa ya kweli hata baada ya matanga.

La pili: kila picha au sauti ije na majibu ya maswali matatu: umeipata kwa nani, ilichukuliwa wapi, lini? Asiyejua aandike "sijui", na hiyo inaruhusiwa. Kisicho na majibu kinapokelewa kama fununu, hakijengewi hoja.

Wewe mwenyewe unaweza kupima mengi. Kwenye Google kuna sehemu ya kutafuta kwa kutumia picha; mara nyingi utaikuta ile ile imetumika miaka mitano iliyopita katika nchi nyingine. Tazama vibao vya magari, sare za polisi, maandishi ya maduka. Tazama majira. Nyanda za juu kusini tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Mei. Mtu akikuletea picha ya Mbozi "iliyopigwa jana" mwezi Agosti, mahindi yakiwa mabichi mpaka kiunoni na barabara ni tope, muulize kwa upole. Pengine ni ya umwagiliaji, pengine ni ya Februari.

Ukigundua habari si ya kweli, usimwaibishe aliyeileta. Mwandikie pembeni kwanza: "Ndugu, hii picha nimeikuta sehemu nyingine ya mwaka 2019, ungependa uifute mwenyewe?" Wengi hufuta. Ukimrukia mbele ya watu ataitetea hata akijua kaangukia pua.

Hatua ya tano: dini ina adabu zake

Siasa mtu huichagua. Dini mara nyingi amezaliwa ndani yake, amezikia ndani yake, na mama yake alikufa akiitaja. Ukiigusa umegusa kaburi la mama. Nenda polepole.

Huku kwetu hakuna ukoo wa dini moja. Wamisionari Wamoraviani na wale Walutheri wa Misheni ya Berlin wote walianza kazi Unyakyusa mwaka 1891, Wakatoliki wapo, Waislamu wapo tangu njia za biashara, Wasabato na Wapentekoste wamejaa, na wapo wanaofuata mila za wazee tu. Kwenye familia yangu harusi moja inahitaji ratiba tatu za sala. Kwa hiyo unapomjibu "Msabato" usiyemjua, elewa kwamba anayesoma pembeni anaweza kuwa shangazi yako.

Zungumza habari za dini yako, na uliza habari za dini ya mwenzako. Usimfundishe Mwislamu Qur'ani yake kwa aya uliyoikata mahali, wala Mkristo Biblia yake kwa mstari mmoja. Badala ya kuandika "Dini yenu inaruhusu hivi", andika: "Nimekutana na aya hii, ninyi mnaisomaje, na wanazuoni wenu wanaielezaje?" Swali la namna hiyo limewahi kuleta kwenye grupu letu maelezo ya kurasa mbili kutoka kwa ustadhi mmoja, na hata waliokuwa wamekasirika wakayasoma mpaka mwisho.

Linganisha sawa kwa sawa. Kosa la kila siku ni kuchukua mtakatifu wa kwenu ukampima na mwizi wa kwao. Kama unataja mchungaji aliyewatapeli waumini, usimlinganishe na shehe mwadilifu ukasema dini imeshinda. Kitabu kwa kitabu, mtu kwa mtu.

Kuhusu sabato, Utatu, ubatizo wa maji mengi au machache: haya yamejadiliwa karne nyingi na hayataisha usiku wa leo kwa simu yenye chaji asilimia 12. Lengo liwe kueleweka. Mwisho wa mjadala mzuri wa dini, Msabato ataendelea kusali Jumamosi na Mlutheri Jumapili, ila kila mmoja ataweza kueleza kwa usahihi kwa nini mwenzake anafanya hivyo.

Vitabu vyenyewe viko upande wako hapa. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, mstari wa 15, unamtaka Mkristo awe tayari kueleza tumaini lake, lakini kwa upole. Sura An-Nahl, aya ya 125, inamtaka Mwislamu alinganie kwa hekima na ajadiliane kwa namna iliyo bora. Anayetukana kwa jina la dini muoneshe andiko la kwake, si la kwako.

Kuna mahali pamoja ambapo upole wangu una mpaka. Mtu akiandika kwamba ameacha dawa za kisukari au za ARV kwa sababu ameombewa, usilijadili kama suala la imani. Mwandikie pembeni, haraka, umsihi arudi kliniki na aendelee kuombewa akiwa anameza dawa. Usimcheke. Anayechekwa hujificha, na akijificha anaweza kufa.

Hatua ya sita: hasira ikishapanda

Mwili utakuambia kabla ya akili. Vidole vinakuwa vyepesi, unaandika bila nukta, unaanza kutumia herufi kubwa. Hapo toka nje ya mazungumzo. Andika jibu lako sehemu ya kuhifadhi kumbukumbu kwenye simu, lisikae kwenye kisanduku cha kutuma. Kapike, kale, kalale. Asubuhi lisome kwa sauti ukimfikiria dada yako mdogo anakusikiliza. Mimi hufuta zaidi ya nusu ya niliyoandika usiku.

Kwa mchokozi, jibu moja la hoja na jibu moja la kuaga linatosha: "Nimekusikia, sina la kuongeza, tuishie hapa." La tatu usilitume. Anayetafuta ugomvi anaishi kwa jibu la tatu. Kama ni vitisho, piga picha ya skrini, ihifadhi, mwarifu msimamizi, na ikibidi polisi.

Msimamizi naye asifute ujumbe kwa sababu haupendi. Afute tusi, aache hoja, na aseme wazi amefuta nini na kwa nini. Sisi hutoa onyo mara mbili, ya tatu mtu anapumzishwa siku saba, awe wa chama tunachokipenda au la.

Hatua ya saba: sahihisha pale pale ulipokosea

Msimu wa 2022/23 serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku, na bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ikashuka hadi shilingi 70,000, niliandika kwa furaha kwamba mkulima anayelalamika ni mvivu au ana chama chake. Mtu mmoja wa upande wa Rungwe, anayelima viazi, akanijibu kwamba bei anaikubali, ila amejisajili, namba ya kuchukulia mbolea haijafika kwenye simu yake, na mvua zimeshaanza. Nilimjibu kwa dharau. Alinyamaza wiki mbili.

Nilikwenda mwenyewe kuuliza kwa wakulima wa Uyole, na nikakuta wengine wenye tatizo lile lile. Kumwandikia pembeni kusingetosha, kwa sababu nilimdharau mbele ya watu mia mbili. Niliurudisha ujumbe wangu wa zamani juu kabisa na kuandika chini yake: "Hapa nilikosea mambo mawili. Sikuuliza kabla ya kujibu, na nilimwita mvivu mtu aliyekuwa anasubiri namba. Naomba radhi kwake na kwenu." Bila "lakini", bila kueleza nilikuwa na siku mbaya.

Fanya hivyo: taja kosa lenyewe, taja aliyekosewa kwa jina analolitumia, iwe mahali pale pale, na usidai asamehe. Yeye alijibu neno moja, "Ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa. Siku chache baadaye tulikuwa tunabishana tena, safari hii kuhusu mawakala wa mbolea kuwa mbali na vijiji, na kabla sijampinga niliandika kwanza hoja yake kwa maneno yangu, nikamuuliza kama nimempata, nikasubiri.